Nilimwacha Amelala Chali

Sikiliza, wewe mwenye mtoto mchanga nyumbani, au mwenye mimba, au uliyeachiwa mjukuu na wenye kazi zao. Kaa vizuri. Nitakueleza jambo dogo linalohusu namna ya kumlaza mtoto, na nitakwenda polepole, kwa sababu mimi nilielezwa harakaharaka na sikuelewa mpaka nilipoogopa. Mahali fulani mwili utakusisimka. Usijali. Na wangu bado unasisimka, ingawa mtoto mwenyewe sasa anakimbia na kung'oa maharage ya watu.

Nilizaliwa Same mjini, kwenye joto na vumbi, si mbali na barabara kuu. Kwetu mtoto mchanga hulazwa mkekani kwa kanga moja nyepesi, na kazi kubwa ni kumpepea. Mume wangu ni mtu wa milimani, upande wa Mhezi. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa, hakuweza kunitunza. Tukakubaliana nikakae kwa wakwe miezi mitatu, mume abaki Same kwenye kazi yake ya duka la vifaa vya ujenzi, awe anapanda Jumamosi.

Nyumba ya wakwe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na haikuwa na dari. Ukilala unatazama bati moja kwa moja, na chini ya bati linapita mtambaapanya, boriti moja nene nyeusi kwa moshi. Boriti hiyo ni kongwe kuliko nyumba. Waliibomoa nyumba ya zamani wakajenga mpya palepale, lakini boriti wakairudisha juu. Nilipouliza kwa nini, mama mkwe alisema mti mzuri hautupwi.

Ndani tulikuwa wanne. Mimi na mtoto chumba cha mbele. Mama mkwe, mjane, chumba cha nyuma. Na kati yetu, nyuma ya pazia la kitenge, alilala bibi, mama yake marehemu baba mkwe. Bibi alikuwa haoni na miguu ilikuwa imekwisha kumkatalia. Mama mkwe alimbeba asubuhi kumtoa juani, akambeba tena kumrudisha. Mdomo tu ndio haukumkatalia. Kwa desturi yetu bibi hutaniana na mke wa mjukuu wake, kwa kuwa mjukuu ni mume wake, na mimi alinifanya mke mwenza tangu siku ya kwanza.

"Mke mwenzangu, umemficha wapi mume wetu mdogo?"

"Yupo, bibi. Amelala."

"Mchana huu? Analala kama mkubwa wake, jembe hataki."

Nilimpenda.

Kitu ambacho sikukizoea ni ukungu. Saa nane mchana, siku nyingi, ulishuka kutoka msitu wa Shengena ukakaa uwanjani kama mgeni asiyebisha hodi. Kisha uliingia ndani kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na bati. Niliuona ukipita juu ya mtambaapanya, unashuka kidogo, unasita, unapotea. Kuku walinyamaza. Mtu akikohoa nyumba ya tatu, ungedhani yuko mlangoni kwako.

Sasa, habari ya kulala. Kliniki ya kwanza kule zahanati, nesi aliniambia maneno manne nikiwa nimeshika kadi na foleni inanisukuma mgongoni: mlaze chali kila anapolala, usimfunike uso, usimwekee mto, jiko la mkaa likae nje. Mama mkwe alikuwa nami. Akauliza, "Akicheua je, si atapaliwa?"

"Hapaliwi, mama. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula. Akicheua atameza au atakohoa. Kifudifudi ndiko kubaya zaidi."

"Wangu wote watano walilala kifudifudi, na wote wana ndevu."

Nesi akacheka. "Mama, wapo watu wanaovuka barabara kuu pale Same bila kutazama, na wanafika. Utamfundisha mjukuu wako avuke hivyo?" Akaita, "Anayefuata!"

Tulipofika nyumbani, nilipomlaza mtoto chali mama mkwe alinitazama kama anayeona mtu akiweka chungu ukingoni mwa meza.

Nilimlaza sakafuni, kwenye godoro dogo gumu juu ya mkeka, maana kitandani niliogopa asianguke. Chali, shuka jepesi mpaka kifuani, mikono nje. Akishtuka usingizini alirusha mikono juu na kufungua vidole, kama watoto wote wachanga wafanyavyo. Na akiwa macho alitazama mtambaapanya. Alikazia macho hapo, akatabasamu. Siku moja bibi aliniuliza kutoka nyuma ya pazia, "Anacheka?"

"Anacheka, bibi."

"Anatazama wapi?"

"Juu tu."

Bibi hakutania siku hiyo.

Mtoto alikuwa na wiki saba mambo yalipoanza. Mama mkwe alikuwa shambani kwenye tangawizi, mbali, ng'ambo ya mfereji. Mimi nilitoka kufua nepi mferejini, hatua chache chini ya nyumba. Nilimwacha amelala chali. Nilirudi nikamkuta amelala kifudifudi, na blanketi zito nililokuwa nimelikunja pembeni limemfunika mpaka kichwani.

Nilisimama mlangoni. Mtoto wa wiki saba hajigeuzi. Na hata angejigeuza, hajifuniki blanketi.

Nikamfunua, nikamgeuza. Alikuwa na joto jingi, nywele zimelowa jasho, lakini alikuwa mzima. Nikachungulia kwa bibi. Alikuwa amelala kama nilivyomwacha, ameelekea ukutani. Nikasema moyoni, mama mkwe alipita hapa akafanya analolitaka, akarudi shambani.

Kesho yake ilikuwa vilevile. Nilimwacha chali, nikamkuta kifudifudi, na blanketi juu yake. Safari hii niliona pia kwamba vumbi la sakafuni lilikuwa limefutika, mstari mpana kutoka mlangoni mwa chumba hadi godoroni, kana kwamba mtu ameburuta gunia.

Jioni mama mkwe aliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hajatua jembe nikamwambia.

"Mama, kama hutaki mtoto alale chali, niambie mimi. Usimgeuze kwa kuvizia."

"Nani amemgeuza?"

"Mama, nimemkuta leo. Na jana."

"Mimi nimetoka hapa asubuhi na jembe. Tope hili la miguuni umedhani nimejipaka? Unanitafutia nini, mwanangu?"

Alikuwa amekasirika kweli. Kisha hasira ikamtoka usoni nikaona ikitoka, na kilichobaki kilinitisha kuliko hasira. Alitazama juu, kwenye boriti, upesi, akashusha macho.

"Alikuwa amefunikwa?"

"Mpaka kichwani."

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia kwa sauti ya chini, bibi asisikie, kwamba mzaliwa wa kwanza wa bibi alifia humu, katika nyumba ile ya zamani, mahali hapahapa. Alilala mchana, mzima, hana homa. Bibi alikwenda mferejini na aliporudi mtoto alikuwa amekwisha kuwa baridi. Amelala chali, macho wazi, anatazama boriti. Wazee wa wakati ule wakasema ameona kitu, na kilichomwona kimempenda. Tangu hapo katika nyumba hii mtoto hulazwa kifudifudi, asitazamane nacho.

"Kitu gani, mama?"

"Hakitajwi. Mimi nilipoolewa nilionyeshwa namna ya kulaza, sikuonyeshwa jina."

Siku mbili zilizofuata sikumtua mtoto mchana. Nilimbeba mgongoni nikipika, nikifagia, nikila makande nimesimama. Usiku nililala na mkono kifuani mwake. Lakini mvua ilinyesha siku zote hizo, nepi zikaisha, na siku ya tatu ilipokatika nililazimika kuanika. Kamba ilikuwa nyuma ya nyumba. Nikafikiri, ni dakika chache tu, na nyumba si tupu, bibi yupo. Hivyo ndivyo tulivyosema kila mara katika nyumba ile: bibi yupo.

Nilimlaza chali. Blanketi nikalipeleka juu ya kitanda, mbali. Kisha nikaiwasha simu irekodi sauti, nikaiegemeza ukutani. Ukungu ulikuwa umeanza kuingia.

Nilianika harakaharaka. Nepi ya mwisho ilianguka matopeni nikaisuuza upya, na hapo nikakawia. Niliporudi, chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuipenda.

Alikuwa kifudifudi. Blanketi halikuwepo, lakini alikuwa amefunikwa kitenge kilichokunjwa mara nyingi, na uso wake ulikuwa umezama katikati ya godoro na mkunjo wa kitenge. Nilipomwinua shingo ilikuwa legelege. Midomo haikuwa na rangi yake. Nilimwita, nikamsugua mgongo kwa nguvu, nikampuliza usoni, nikamwita tena. Nilihesabu nafsini mwangu bila kujua ninahesabu nini. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayetoka majini, akalia.

Sikuwahi kupenda kilio kama nilivyokipenda kile. Na nikueleze hapahapa: baadaye nilimpeleka zahanati siku hiyohiyo, na wewe ukipatwa na jambo kama hilo mpeleke, hata akionekana amepona.

Lakini kabla ya kutoka niliisikiliza simu. Nilikaa mlangoni penye mwanga, mtoto nimemkumbatia, nikaiweka sikioni.

Kwanza ilikuwa hatua zangu zikitoka. Kisha kimya, na pumzi za mtoto. Kisha sauti ya kitu kinachoburutwa sakafuni. Fwaa. Kinapumzika. Fwaa. Kinapumzika. Kilikaribia taratibu, na katika kila mapumziko nilisikia pumzi nyingine, nzito, zisizo za mtoto. Halafu wimbo wa kubembeleza, bila maneno, kwa pua. Na mwisho sauti, karibu kabisa na simu, ikinong'ona:

"Geuka, baba. Usimtazame. Mwachie mgongo tu."

Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa ikiniita mke mwenza kila asubuhi.

Nikafungua pazia. Bibi alikuwa amejilaza kuelekea ukutani, ila pumzi zilikuwa zinamwenda mbio, na kanga aliyojifunga ilikuwa na vumbi jeupe upande wote wa nyuma.

"Bibi, wewe ndiye unayemgeuza."

Hakugeuka. "Nani amekuambia?"

"Simu."

"Hiyo simu yako ina umbea."

"Bibi, wewe si huna miguu?"

"Miguu sina. Makalio ninayo." Akageuza uso wake usioona. "Mbona amelia vile?"

Hapo nilikuwa na maneno makali yamejaa mdomoni. Ningeyatema, na leo ningekuwa naona aibu. Kilichonizuia ni mikono yake. Ilikuwa imechubuka kwa kujiburuta, na haikuwa mikono ya mtu aliyetaka kudhuru. Mwanamke yule, bila macho wala miguu, alikuwa ameburuta mwili wake juu ya saruji siku tatu ili kumficha mwanangu asionwe na kilichomchukua mwanawe.

Nikakaa pembeni yake. Nikamweka mtoto mapajani mwangu, chali, nikachukua kiganja cha bibi nikakileta mbele ya pua ya mtoto.

"Unasikia nini?"

"Pumzi. Inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda zake."

Nikachukua kitenge kilekile, nikakikunja kama alivyokikunja, nikamwambia, "Sasa wewe, bibi. Weka uso wako humu uvute hewa." Alisita, akacheka kidogo, akasema mke mwenza anataka kumuua arithi sahani. Akaweka uso. Akavuta hewa mara kadhaa, kisha akainua kichwa kwa haraka.

"Kuna joto."

"Hilo joto ni pumzi yako mwenyewe, imerudi. Umeitoa ikakosa pa kwenda, na ukaivuta tena. Ilikuwa imekwisha kutumika. Wewe umeinua kichwa kwa sababu una shingo. Yeye hana shingo ya kuinua bado."

Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani, na sikuona hata kamba ya nepi.

"Wangu alikuwa chali," bibi akasema.

"Najua, bibi."

"Chali. Macho yanatazama juu."

Nilijua swali linalofuata kabla hajaliuliza, na sikutaka alifikie. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akilitafuta, kwa vidole, akipapasa mikunjo ya kile kitenge.

"Baridi ilikuwa kali siku ile," akasema. "Nilimfunika blanketi la sufu. Mpaka utosini. Na jiko nililisogeza karibu, nikafunga dirisha. Nilipofika nikamfunua, ndipo nikaona macho."

Ndipo nilipotambua kwamba mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe lake, na sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Kwa hiyo hakuja mtu," bibi akasema.

Nilimwambia ninachokijua, na ndicho ninachokuambia wewe. Nilimwambia kwamba hakuna aliyekuwepo wa kujua. Kwamba wapo watoto wanaokufa usingizini hata mama akiwa amefanya kila kitu sawa, na madaktari wenyewe hawapati sababu. Kwamba wakati ule hakuna aliyemwambia habari ya blanketi wala ya moshi wa mkaa usioonekana, na alimfunika kwa sababu alimpenda. Hayo yote ni kweli. Aliyasikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akaita jina la mwanawe kama anayemwita mtu aliyeko chumba kingine, mara mbili, akajilaza akaelekea ukutani. Mama mkwe aliweka jembe chini akaingia akakaa naye. Nami nikamfunga mtoto nikaenda zahanati.

Kule nesi alimchunguza, akamsikiliza kifua, akasema tumepata bahati. Safari hii hakukuwa na foleni. Nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua chochote, naye akanieleza. Kwamba ubavu pia haufai, maana kutoka ubavuni ni rahisi kuangukia tumbo. Kwamba mtoto akiwa macho na mtu anamtazama, kumlaza kwa tumbo kidogo ni vizuri, hukomaza shingo. Kwamba atakapoweza kujigeuza mwenyewe huku na huku, nimlaze chali na nikimkuta amegeuka nimwache, mradi kitanda kiwe kigumu na kisiwe na mito. Kwamba baridi huzuiwa kwa nguo za kuvaa, si kwa kurundika mablanketi juu yake. Na kwamba kila anayemshika mtoto ajue hayo, kila mmoja, maana mtoto halazwi na mama peke yake. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mama mkwe alielezwa na nesi mwenyewe. Sikuwa nimemweleza bibi, kwa sababu nilidhani bibi hawezi kufika.

Wiki iliyofuata bibi aliomba ahamishiwe chumba changu mchana. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mtoto amelala chali karibu naye, na kiganja chake akakiweka juu ya kifua cha mtoto, kwa wepesi, kama anayepima uji. Mara kwa mara alipapasa uso: pua iko wazi, mdomo uko wazi, shuka liko chini ya makwapa. Mgeni akiingia na kutaka kumfunika vizuri, bibi alimfukuza. "Peleka blanketi lako kwa mumeo!"

Lakini nisikudanganye. Kitu cha kwenye boriti hakikuondoka katika nyumba ile. Siku za ukungu, mtoto akitazama juu na kucheka, kiganja cha bibi kilikuwa kizito zaidi kidogo, na uso wake uliinuka ukaelekea palepale mtoto alipotazama, kwa usahihi kabisa, yeye asiyeona. Alisema kwa sauti tulivu, "Mtazame. Mtazame tu, baba. Mimi nimekaa hapa." Sikuwahi kumwambia kwamba hakuna kitu. Mimi nimezaliwa bondeni, ya boriti ile siyajui. Najua ya hewa.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza, fikiria watu wote wanaobaki na mwanao: bibi, shangazi, dada wa kazi, jirani, hata yule unayedhani hawezi kuinuka. Leo, kabla mtoto hajalala, waite mmoja mmoja. Mlaze chali mbele yao, kwenye godoro gumu lisilo na mto, shuka lisipite makwapa, uso wazi, jiko nje. Kisha mwinue, umpe kila mmoja wao amlaze vivyo hivyo kwa mikono yake, wewe ukiwa unatazama.